Jioni Mbili kwa Wiki

Nilifika Uskoti mwezi Septemba 2021 kusoma shahada ya uzamili mjini Dundee, na pamoja na masanduku mawili ya nguo nilibeba kinyongo kutoka kwetu Tanga. Kwa miaka minne nilikuwa katibu wa timu ya mtaani iliyoshiriki ligi ya wilaya, na msimu wa mwisho kabla ya safari yangu timu hiyo ilivunjika katikati ya mzunguko wa pili, baada ya kufika uwanjani mara mbili mfululizo tukiwa na wachezaji sita na wapinzani kupewa ushindi wa mezani. Kila aliyeniuliza kilichotuangusha nilimjibu kwamba wachezaji wetu walikuwa watu wa shughuli nyingi: wavuvi wa dagaa, madereva wa bodaboda, fundi wa kuchomelea vyuma, vijana wawili wachukuzi wa sokoni. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu ambaye riziki yake iko baharini au barabarani hawezi kucheza mpira wa ushindani, na kwamba laiti tungekuwa na fedha za kuwalipa ili waache kazi zao, tungepanda daraja. Imani hiyo ilidumu mpaka nilipoijua Arbroath.

Arbroath ni mji wa bandari ulio umbali wa kilomita 27 hivi kutoka Dundee, mwendo wa dakika kama ishirini kwa treni inayofuata pwani. Viza yangu iliniruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nami nikapata kibarua cha Ijumaa na Jumamosi asubuhi katika kibanda cha kubanika samaki karibu na bandari. Samaki hao huitwa smokie. Ni samaki wa bahari za baridi aitwaye haddock, aliyekatwa kichwa na kutolewa matumbo, akatiwa chumvi, kisha akafungwa mkiani pamoja na mwenzake kwa kamba, jozi kwa jozi, na kutundikwa kwenye vijiti juu ya moto wa magogo magumu, huku magunia yaliyoloweshwa maji yakifunika juu ili moshi na mvuke visitoroke. Chini ya saa moja ngozi yake huwa imegeuka rangi ya shaba. Tangu 2004 jina la samaki huyo linalindwa na sheria, na anayetaka kuuza smokie wa Arbroath sharti awe amembanika mjini hapo au kandokando yake. Mtu aliyekulia Tanga hahitaji kuzoeshwa harufu ya samaki wa moshi, na nadhani ndiyo sababu mzee aliyetusimamia, mtu aliyefanya kazi hiyo tangu ujanani, alinipenda mapema. Jumamosi ya tatu, nilipokuwa nanawa mikono nirudi kituoni, aliniambia, "Mwanangu, leo usipande treni. Leo utakuja nami Gayfield."

Nilidhani Gayfield ni mtaa. Kumbe ni uwanja wa mpira, na husemwa kuwa ndio uwanja ulio karibu zaidi na bahari katika Ulaya nzima. Upande mmoja wa uwanja ni ukuta, na nyuma ya ukuta ni Bahari ya Kaskazini yenyewe. Siku za dhoruba mawimbi hupiga ukuta huo na povu likawaangukia watazamaji waliosimama. Nimezaliwa kati ya kusi na kaskazi, nikajiona mtu anayezijua pepo, lakini upepo wa Gayfield ulinishangaza. Nilimwona kipa akipiga mpira juu kuelekea katikati ya uwanja, mpira ukapanda, ukasita hewani kama ndege aliyekosa tawi, kisha ukarudi kuangukia karibu na eneo lake mwenyewe la hatari, na mabeki wake hawakuonyesha mshangao wowote, bali walikuwa tayari wamesimama pale ambapo upepo ungeuleta. Jambo hilo lilinikaa akilini kuliko bao lolote nililoliona siku hiyo. Watu wale walikuwa wamejifunza kucheza na mahali pao jinsi palivyo.

Klabu ya uwanja huo, Arbroath, yenye jina la mji wake, ilianzishwa mwaka 1878 na huvaa jezi ya rangi ya damu ya mzee. Mashabiki wake hujiita Red Lichties, yaani watu wa taa nyekundu, kwa ajili ya taa iliyowaongoza wavuvi kuingia bandarini. Wapenda mpira wengi duniani wanaijua kwa jambo moja tu: tarehe 12 Septemba 1885 iliifunga Bon Accord mabao 36 kwa 0 katika Kombe la Uskoti, na John Petrie akafunga 13 peke yake. Mzee alinieleza habari hiyo kwa sentensi mbili, kisha akarudi kwenye mambo ya msimu uliokuwa mbele yetu, ambayo kwake yalikuwa na uzito zaidi, na mimi nitafuata utaratibu wake.

Daraja la pili la Uskoti, linaloitwa Championship, lina timu kumi, na kila timu hukutana na kila nyingine mara nne, jumla mechi 36. Msimu wa 2021/22 ndani yake kulikuwa na Kilmarnock, iliyokuwa imetoka tu kushuka kutoka Ligi Kuu, pamoja na Inverness, Partick Thistle na Dunfermline, klabu zenye viwanja vikubwa na wachezaji ambao kazi yao ni mpira na hawana nyingine. Arbroath peke yake ndiyo iliyokuwa na wachezaji wenye ajira nyingine. Walifanya mazoezi jioni mbili kwa wiki baada ya kutoka kazini, wakakutana tena siku ya mechi. Bobby Linn, winga aliyependwa na mji mzima, alijulikana kwa kazi yake ya kila siku, ambayo ilikuwa kuzoa taka kwa lori. Nilipoambiwa habari hiyo nilidhani nimesikia vibaya Kiingereza cha Kiskoti, nikamwomba mzee arudie. Akarudia kwa fahari, kama mtu anayetaja cheo.

Kocha wao alikuwa Dick Campbell, mzee wa miaka 68 msimu huo, mwenye kofia bapa isiyobanduka kichwani, na msaidizi wake alikuwa Ian, pacha wake. Aliichukua timu mwaka 2016 ikiwa katika daraja la nne. Ikalitwaa daraja hilo msimu wa 2016/17, ikalitwaa la tatu msimu wa 2018/19, na kwa mara ya kwanza tangu 2003 ikarudi katika daraja la pili. Kilichonigusa katika historia hiyo ni kwamba Linn, Ricky Little na Colin Hamilton, waliokuwa uwanjani timu ikicheza na wa chini kabisa, walikuwa bado uwanjani ikishindana na Kilmarnock. Klabu ilipanda na watu wake.

Siku moja, tukiwa tunafunga samaki, nilimuuliza mzee swali ambalo kwangu lilikuwa zito: mchezaji asipoweza kutoka kazini siku ya mazoezi, anafanywa nini? Hakuelewa kwanza ninauliza nini. Nikamfafanulia: anatozwa faini? Anasimamishwa? Mzee akakaza fundo, akaitundika jozi yake, akasema, "Kama yuko kazini, yuko kazini. Atakuja Alhamisi." Kisha akaendelea na samaki mwingine.

Nataka nieleze kwa nini jibu hilo fupi lilinikosesha usingizi. Katika timu yetu, mimi ndiye niliyeandika ratiba, na niliandika mazoezi ya siku sita kwa wiki, kila siku saa kumi jioni, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba timu kubwa hufanya hivyo. Asiyefika alitozwa shilingi elfu mbili, na aliyekosa mara tatu alikaa benchi mechi inayofuata. Beki wetu wa kushoto alikuwa mvuvi wa dagaa, kijana mwembamba mwenye mguu ambao sijauona tena katika mpira wa mitaani. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, wakiwa na taa za kuvutia samaki, na mwezi ukiwa mpevu hukaa nchi kavu kwa sababu taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo wiki mbili za mwezi kijana huyo alikuwa analala mchana na kuingia baharini jioni, saa ile ile niliyokuwa nimeiandika mimi kwenye karatasi. Nilimtoza faini mara nyingi kiasi kwamba deni lake lilizidi posho yote ambayo angeweza kupata. Mara ya mwisho alipokuja, alikuja kurudisha jezi, imefuliwa na kukunjwa vizuri, akaniambia, "Katibu, mimi nimeshindwa, shikamoo." Nikaitikia marahaba na kupokea jezi. Baada yake waliondoka wengine watatu ndani ya mwezi mmoja, na mimi nikawa na la kusimulia: wachezaji hawana muda.

Ninayaandika haya bila kujificha kwa sababu najua makatibu wengi wa timu ndogo wanaandika ratiba kama yangu. Tulikuwa tunaiga umbo la timu kubwa tusiyokuwa nayo, na tukawaadhibu watu kwa kuwa na kazi ambazo ndizo zilizowalisha wao na, mara nyingine, zilizolipia nauli ya timu.

Majira ya baridi yalipoingia, Arbroath ilikuwa kileleni mwa msimamo. Mwishoni mwa Desemba serikali ya Uskoti, kwa hofu ya wimbi jipya la UVIKO, ilizuia watazamaji katika viwanja vya wazi kuzidi 500, na amri hiyo ikadumu wiki tatu hivi, ambazo sisi tulizipitisha tukifuatilia matokeo kwa simu huku vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi ya kuosha samaki. Januari hiyo hiyo Joel Nouble, mshambuliaji aliyekuwa hapo kwa mkopo na aliyewatesa mabeki wa daraja zima, alirudishwa na klabu yake ya Livingston. Nilisikitika kama mtu aliyeibiwa. Kwetu pigo la namna hiyo lingefuatwa na kikao cha lawama hadi usiku. Mzee alisema tu kwamba kijana alikuwa wa watu na wenyewe wamemchukua, kisha akaanza kumzungumzia Michael McKenna, kiungo aliyefunga mabao mengi msimu huo kuliko hata washambuliaji, kwa matumaini mapya kabisa. Timu ikaendelea kushika nafasi ya juu, ikitoa sare pale isipoweza kushinda, kila wiki ikikusanyika jioni zake mbili.

Basi mbio zikabaki kati ya Arbroath na Kilmarnock, na ratiba ikawakutanisha Ijumaa tarehe 22 Aprili 2022, uwanja wa Rugby Park, mechi moja kabla ya msimu kwisha. Arbroath ikishinda ingekwea kileleni; Kilmarnock ikishinda, ubingwa ungekuwa wake usiku huo huo. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, na huko kaskazini mwezi Aprili jua halina haraka ya kuzama. Mzee alinikaribisha kwake kutazama kwenye televisheni. Nilipofika nikakuta meza imeandaliwa smokie wawili waliopashwa moto na siagi, mkate, na sahani ya tende, ambazo mke wake alizitafuta Dundee baada ya kusoma mahali fulani kwamba ndizo tunazofungulia. Wao wenyewe hawakuwa wamegusa chakula. Jua lilizama karibu na mapumziko, tukafungua kinywa pamoja, na Arbroath walikuwa bado wana ndoto yao mikononi.

Walitangulia kufunga. Kilmarnock wakasawazisha, na dakika zikiwa zimebaki chache kabisa Blair Alston akafunga bao la pili. Mbili kwa moja. Watu wa Kilmarnock walimwagika uwanjani, na mzee akainuka, akaenda jikoni, nikasikia maji ya birika yakichemka. Alirudi na vikombe vitatu vya chai. Hatukusema lolote kwa muda mrefu. Msimu ulipofungwa, Kilmarnock walikuwa na pointi 67 na Arbroath 65.

Nafasi ya pili bado ilikuwa na mlango mmoja: mchujo wa kupanda Ligi Kuu. Arbroath walikutana na Inverness katika nusu fainali, wakatoka sare ya bila kufungana huko Inverness, na Ijumaa tarehe 13 Mei wakarudiana Gayfield. Nilisimama upande wa bahari, mzee kulia kwangu, uwanja umejaa kuliko nilivyowahi kuuona. Dakika tisini zikaisha bila bao. Inverness walikuwa wamepewa kadi nyekundu, kisha nyingine, na katika muda wa nyongeza wakabaki tisa uwanjani, wakilinda lango lao kama watu wanaozuia maji yasiingie chomboni. Arbroath walishambulia kwa kila walichobakiwa nacho, na mpira ukakataa kuingia. Mikwaju ya penalti ikaamua: Inverness 5, Arbroath 3.

Nimeona timu nyingi zikipoteza mechi kubwa, na kwetu nimeshuhudia kocha akisindikizwa na mgambo ili asipigwe. Pale Gayfield, wachezaji wengine walikuwa wamelala kifudifudi juu ya majani, na kwa sekunde kadhaa nilisikia mawimbi tu nyuma ya ukuta. Kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wakafuata waliomzunguka, na makofi yale hayakukoma mpaka kila mchezaji alipoinuka na kupita mbele ya kila upande. Wengi walilia, watu wazima wenye mikono ya kazi. Mzee alikuwa mmoja wao, na hakujifuta. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa zamu. Nilipofika kibandani saa moja, moto ulikuwa umekwisha washwa na mzee alikuwa anafunga samaki. Niliketi upande wa pili wa meza, nikachukua kamba. Tulipomaliza trei ya kwanza aliniambia kwamba Linn alikuwa amefanya kazi wiki nzima kabla ya mechi ile, na kwamba Jumatatu wengi wao watarudi kazini kama kawaida, na nadhani ndipo nilipoelewa kiwango cha jambo lililokuwa limetokea: watu wenye jioni mbili tu kwa wiki walikuwa wamefikisha mji mdogo umbali wa penalti kadhaa kutoka fainali ya kupanda Ligi Kuu. Halikuwa jambo la bahati, maana bahati haidumu mechi 36. Hawakuwahi kuombwa muda wasiokuwa nao, na huo mdogo walioweza kuutoa waliutoa mwaka baada ya mwaka, wakiwa na watu wale wale, mpaka kila mmoja akajua mwenzake atasimama wapi upepo ukiurudisha mpira.

Sisemi kwamba mambo yao yamekuwa mepesi baada ya hapo. Msimu uliofuata walimaliza nafasi ya nane, Campbell akaondoka Novemba 2023, na mwisho wa msimu huo wakashuka daraja wakiwa mkiani. Mwaka 2025 wakalitwaa daraja la tatu na kurudi tena walikokuwa. Mimi nilikuwa nimesharejea Tanga zamani, nikafuatilia kwa simu, na siku ya ubingwa mzee alinitumia picha ya jozi ya smokie iliyofungwa kwa utepe wa rangi ya damu ya mzee.

Nilirejea Oktoba 2022. Wiki ya kwanza nilikwenda kwa yule beki wetu wa kushoto, ambaye sasa ana mke na mtoto mchanga, nikamkuta ufukweni akishona wavu. Nilikaa chini mchangani nikamwomba radhi, na nikamweleza kwa kirefu mji wa wavuvi ambao timu yake ilikuwa na mzoa taka aliyeshangiliwa kila alipougusa mpira. Alisikiliza bila kuacha kushona. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu: mazoezi yatakuwa siku gani?

Nilimwambia kwamba safari hii siku hizo atanipangia yeye na wenzake. Tulikaa watu kumi na wanne chini ya mkungu, kila mmoja akataja kazi yake na saa zake, mimi nikaandika. Ilitoka ratiba ambayo sijawahi kuiona katika timu yoyote: Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja na nusu kwa wote, na wiki ya mbalamwezi inaongezwa Jumapili asubuhi, kwa kuwa mashua za dagaa huwa zimepumzika. Faini tuliifuta siku hiyo hiyo. Anayekwama kazini hupiga simu kwa nahodha, na nahodha humwambia atakuja siku nyingine. Ukutani kwangu ipo kalenda ambayo siku za mwezi mpevu nimezizungushia wino mwekundu, na Jumapili zinazoangukia karibu nazo huwa nafika uwanjani mapema kubeba mipira. Mara nyingi namkuta beki wa kushoto ameshafika, anazunguka uwanja taratibu peke yake, jezi namba tatu imekunjwa juu ya jiwe.